Mjadala: gia ya usukani kuhamishiwa sakafuni, tunaboresha gari la kale au tunaliharibu?

Mleta mada

Wadau, msimamo wangu nauweka wazi mapema: gari la kale lililotoka kiwandani na gia ya usukani, yaani mkono wa kubadilishia gia uliofungwa kwenye shingo ya usukani, libaki nayo, maadamu giaboksi ni ileile ya gia tatu. Hoja ninazosikia kila siku kwa wanaoihamishia sakafuni ni kwamba gia hiyo inakwama, haina raha, na gari ni mali ya mtu, afanye atakavyo. Hilo la mwisho sibishani nalo. Hayo mengine tuyajadili.

Ule mkono haukupandishwa usukanini kwa bahati mbaya. Mwishoni mwa miaka ya 1930 viwanda vya Marekani viliuondoa sakafuni ili kiti kirefu cha mbele kikae watu watatu, wa katikati asibanwe magoti. Pontiac na Cadillac walikuwa nao kwenye matoleo ya 1938, na miaka michache baadaye ukawa jambo la kawaida huko. Ulaya na Japani nao wakaufuata. Peugeot 404 ilikuwa na gia nne usukanini. Kiti, dashibodi na sakafu vilichorwa kwa kutegemeana. Ukiurudisha mkono chini, wa katikati hana pa kuweka miguu, na kwenye kiti kile kirefu mkono usiopindwa vizuri hugonga kiti kila ukivuta gia ya kwanza au ya tatu.

Sasa hili la kukwama, maana ndilo linalowafanya watu washike msumeno na kukata sakafu. Giaboksi nyingi za Kimarekani za gia tatu zina vishikio viwili ubavuni: kimoja cha gia ya kwanza na rivasi, kingine cha pili na tatu. Fito mbili, yaani vyuma virefu vyembamba, zinashuka kutoka chini ya shingo ya usukani hadi kwenye vishikio hivyo. Ukivuta mkono kuelekea kwako unashika ufito mmoja, ukiuachia unashika mwingine. Ili uhame kutoka ufito huu kwenda ule, vishikio vyote viwili lazima vikutane sawasawa kwenye nyutro. Bushi, vile vipete vya kwenye viungio vinavyozuia ulegevu, zikilika, havikutani. Mkono unaganda katikati ya kwanza na pili, dereva anashuka, anafungua boneti na kusukuma vishikio kwa mkono, foleni ikimpigia honi nyuma. Hasira yake naielewa kabisa.

Lakini ugonjwa huo ni wa bushi na marekebisho. Badilisha bushi za chini ya shingo na za ncha za fito. Safisha grisi iliyoganda. Angalia mpira wa kushikia injini, kwa sababu injini ikitikisika fito nazo zinahama. Kisha weka giaboksi nyutro, linganisha vishikio vya shingoni (magari mengi yana tundu la kupitishia pini), rekebisha urefu wa kila ufito mpaka uingie bila kulazimishwa, ndipo ukaze nati. Gia inarudi kuwa laini, na hakuna bati lililokatwa.

Mchangiaji wa pili

Mkuu, umeeleza vizuri, ila umechagua uwanja unaokufaa. Wengi hawahamishi gia kwa sababu ya bushi. Wanahama kwa sababu giaboksi yenyewe haitoshi. Gia tatu kwenye barabara kuu ni injini kulia muda wote. Na giaboksi nyingi za zamani hazina sinkro (kifaa kinacholinganisha mwendo wa meno ili gia iingie bila kusaga) kwenye gia ya kwanza, kwa hiyo usiposimama kabisa inasaga meno. Mtu anayetaka kulitumia gari lake akifunga giaboksi ya gia nne au tano, mkono unatokea juu ya giaboksi au ubavuni mwake, na njia yake ni sakafuni.

Halafu tusijifanye kwamba mabadiliko haya yameanza jana. Hurst, kampuni ya Marekani ya vipuri vya magari, walijijengea jina miaka ya 1960 kwa mikono ya gia ya sakafuni, ikiwemo ya kuhamisha gia tatu kutoka usukanini. Viwanda vyenyewe vilifanya hivyo: Chevrolet Impala za wakati huo zenye gia tatu za kawaida zilikuwa na mkono usukanini, zenye gia nne zilikuwa nao sakafuni. Gari lililobadilishwa mwaka 1964 na kijana mpenda mbio, leo utamwambia nani arudishe usukanini? Mabadiliko hayo nayo yamekuwa sehemu ya historia yake.

Mchangiaji wa tatu

Mimi nina la usalama tu. Wenye gia otomatiki usukanini wanadhani kwao ni rahisi zaidi kwa kuwa hakuna klachi. Msisahau swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia, na ya taa za rivasi. Kwenye magari mengi zipo kwenye shingo ya usukani, na zisipohamishwa gari litawaka likiwa kwenye gia na kuruka. Magari ya General Motors ya kuanzia 1969 yana kufuli ya usukani shingoni humo humo, na inategemea mahali mkono wa gia ulipo. Mtu akikata kiungo bila kufikiri, ufunguo unakataa kurudi mahali pa kufungia. Hapo hatubishani kuhusu ladha, tunazungumzia usukani.

Mleta mada

Nashukuru, la kufuli ningependa kila fundi alisome kabla hajagusa kitu.

Ndugu mchangiaji wa pili, kwa giaboksi ya gia nne au tano nakubaliana nawe, na ndiyo maana nilisema mapema kabisa "giaboksi ileile". Gari lililobadilishwa zamani nalo liachwe lilivyo. Ombi langu kwa anayebadilisha leo ni lile ambalo FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale, wameliandika kwenye Mkataba wa Turin: mabadiliko yaweze kurudishwa, na vipuri vya asili vilivyotolewa vitunzwe pamoja na gari. Shingo ya usukani, fito, hata kipande cha bati kilichokatwa, vyote vifungwe vizuri na vihifadhiwe. Mnunuzi wa baadaye atapata shida kubwa kuvitafuta.

Ila swali langu bado halijajibiwa. Giaboksi ikibaki ya gia tatu zilezile, uwiano uleule, sinkro ileile, mkono wa sakafuni unaongeza nini?

Mchangiaji wa pili

Unafupisha njia. Mkono wa sakafuni uliofungwa kwenye giaboksi yenyewe una fito fupi na viungio vichache, kwa hiyo ulegevu unapungua na gia inaingia haraka. Mwendo hauongezeki, nakubali, na kama bati ni zima na shingo ipo kamili nami nisingekata. Lakini gari likinifikia shingo imeshaharibika na fito hazipo, nitatoboa tundu dogo iwezekanavyo, nitalifunika kwa bamba la boliti badala ya kuchomelea, na nitaliendesha.