Sehemu kwenye kikokotoo: kitufe cha a b/c, cha kioo kikubwa, cha dukani au simu?

FundiNgamiani
Wakuu, salaam. Mimi seremala, kibanda kipo Ngamiani hapa Tanga. Jana nimeharibu ubao nusura nilie. Baada ya kutoa ncha iliyopasuka ulibaki inchi 71 na robo. Nataka rafu tano sawasawa, na msumeno wangu unakula thumni ya inchi, yaani moja ya nane, kila mkato. Mikato ni minne, kwa hiyo nusu inchi yote inakwenda na unga. Nikaminya kwenye kikokotoo cha dukani 71 + 1 ÷ 4, kikaniletea 18! Simu ya kijana wangu, namba zilezile, ikasema 71.25. Sasa ninunue kipi?

Mwl_Pongwe
Fundi, hicho cha dukani ni kizima. Kinapiga hesabu kwa foleni: 71 na 1 ni 72, gawa kwa 4 ni 18. Simu inatanguliza kugawanya. Ukitaka kubaki nacho, anza na kile kipande: 1 ÷ 4 + 71.

Ila kwa kazi yako ningechukua Casio fx-82MS. Sehemu mchanganyiko unaiingiza hivi: 71, a b/c, 1, a b/c, 4. Kiooni itaonekana 71⌟1⌟4, kialama kama kona katikati. Kisha − 1 a b/c 2 = na ÷ 5 =. Jibu 14⌟3⌟20. Ukiminya a b/c tena inageuka 14.15. Ukitanguliza SHIFT, unapata sehemu guni, yaani namba ya juu kubwa kuliko ya chini, 283⌟20.

MamaCherehani
Mwalimu shikamoo, lakini vitufe vyote hivyo vya nini? Mimi nashona miaka na miaka na kile cha dukani. Robo .25, nusu .5, robo tatu .75, thumni .125. Nne tu, zimekaa kichwani. Naandika 71.25 moja kwa moja.
(Nimefurahi kuona mtu bado anasema thumni. Wanangu wanadhani ni ile sarafu ya senti hamsini tu.)

Raskazone_boy
Mama, na tano ya kumi na sita je? Hapo lazima ukae chini. Mimi nina fx-991ES, sehemu inaonekana kama ulivyoandika daftarini, kiasi juu, asili chini. Kosa ninaloliona kwa wenzangu: kitufe cha sehemu peke yake kinaleta visanduku viwili. Kwa sehemu mchanganyiko tanguliza SHIFT, vije vitatu, kisha sogea kwa mishale. Jibu likija 283 juu ya 20 usishtuke, SHIFT na S⇔D inakupa 14 na 3 juu ya 20.

FundiNgamiani
Ahsanteni, lakini nimechungulia tepu yangu huku na huku. Tatu ya ishirini iko wapi? Inchi kwenye tepu imegawanywa vipande kumi na sita!

Mwl_Pongwe
Marahaba mama. Fundi, umegusa penyewe, na hapo kikokotoo cha bei yoyote hakikusaidii. Chukua ile .15 iliyobaki baada ya 14, zidisha kwa 16: unapata 2.4. Yaani alama mbili ndogo na kidogo. Kata kwenye alama ya pili, ambayo ni thumni yako. 14 na thumni mara tano ni 70 na thumni tano, na ukishatoa mikato ulikuwa na 70 na robo tatu. Inabaki thumni moja mwishoni, ipige randa. Usipandishe hadi alama ya tatu, rafu ya mwisho itapungua.

Kwa hiyo kwako desimali ndiyo njia ya kufika kwenye tepu. Mwanafunzi anayetakiwa kuandika jibu kwa sehemu, huyo ndiye a b/c inamfaa zaidi.

BwanaMilimita
Geuzeni tepu upande wa pili jamani. Milimita 1810, toa 13 za msumeno, gawa kwa 5: 359 na ushee. Hakuna sehemu, hakuna SHIFT.

FundiNgamiani
Bwana, mteja akija anasema "inchi kumi na nne", plaiwudi nauziwa nane kwa nne. Nikianza kutafsiri ndipo nitakosea zaidi.

Raskazone_boy
Ukibaki na simu, weka mabano: (71+1÷4−1÷2)÷5. Ukiyasahau, ile 5 inagawa nusu peke yake na jibu linakuwa 71.15.

FundiNgamiani
Mrejesho: sijanunua. Mpwa wangu kamaliza shule, kanipa MS yake ya zamani. Napiga kwa a b/c, naigeuza desimali, naondoa 14, naizidisha kwa 16 kama alivyosema mwalimu. Rafu tano za leo zimelingana. Maandishi ya kitufe yamefutika, nimekidondoshea tone la vanishi nisikipoteze.