Familia ya Kikwajuni

*Shangazi:* Sabalkheri jamani. Kuna aliyempata Ami? Tangu juzi kimya.

*Kaka Wete:* Jana nilimwandikia, tiki moja tu.

*Ami:* Nipo nipo. Huku Ujerumani tuko nyuma yenu kwa saa 2. Nyinyi mshamaliza chai, mimi ndio kwanza natoa kichwa kwenye blanketi.

*Dada Mkubwa:* Shikamoo Ami. Onyesho la taarabu la jana vipi?

*Ami:* Marahaba mwanangu. Onyesho zuri, ila kanuni, hiki kinanda changu cha nyuzi, ilitaka kuniadhiri. Ukumbi wanaupasha moto, hewa kavu utadhani umo ndani ya tanuri. Saa 12 naiweka sawa, saa 1 ngozi ishajikaza, sauti zote zimehama. Na unazijua nyuzi za kanuni, sabini na kitu, tatu tatu kwa kila sauti. Wenzangu wanakunywa kahawa, mimi na ufunguo wangu nazungusha tu.

*Mdogo wa mwisho:* Si ungeirushia maji kidogo Ami 😂

*Ami:* Karushie redio ya mama yako kwanza. Usiku nimelaza taulo lenye unyevu ndani ya sanduku lake, leo imetulia.

*Kaka Wete:* Na hao wenyeji, mlipiga pamoja?

*Ami:* Hapo ndipo penye raha. Wana piano na fidla mbili. Wimbo tuliopanga uko kwenye rasti, ule mpangilio wa sauti wa Kiarabu. Mpiga piano kaitafuta ile sauti iliyo kati ya vibonyezo viwili, haipo! Ana vyeupe na vyeusi, basi. Anabonyeza huku, anabonyeza kule, mwisho kacheka mwenyewe. Mmoja wa fidla kaipata siku ya pili, maana fidla ni kidole na sikio, hakuna kinachomzuia. Tukachagua wimbo mwengine wa nahawandi, mpangilio usio na sauti hiyo ya kati, piano ikaingia vizuri.

*Ami:* Wao lakini wanasoma muziki kwenye karatasi. Wakatulalamikia kuwa mara ya tatu hatukupiga kama mara ya kwanza. Nikawaambia wimbo ndivyo ulivyo, sasa mumeujua.

*Shangazi:* Hayo ya karatasi baadae. Walitunza, walimwendea mwimbaji na pesa?

*Ami:* Aaa Dada. Watu wamejaa, hata kikohozi hukisikii. Mwimbaji wetu kamaliza ubeti, hakuna aliyeinuka. Akanitupia jicho: tumewakosea nini hawa? Kumbe wanasikiliza. Wimbo ulipokwisha wakapiga makofi wamesimama, hawataki kukaa.

*Ami:* Basi mkalimani akawaeleza habari ya kutunza. Mzee mmoja mrefu akainuka kule nyuma, kaja polepole na yuro 5 kaikunja mara nne. Kufika mbele hajui aiweke wapi. Akampa mwimbaji mkono kwanza, kama anampa pole ya msiba, ndio akamtilia noti kiganjani.

*Dada Mkubwa:* 😂😂 Maskini. Hakuyumba na muziki hata kidogo?

*Ami:* Aliporudi kitini ndio aliyumba.

*Mdogo wa mwisho:* Bibi niko naye hapa, nimemsomea. Anasema msijione wa mwanzo, Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, alikwenda Bombay kwa meli 1928 akarikodi santuri. Na kabla yake Sultani wa Unguja, Sayyid Barghash, alimpeleka mtu Misri akajifunze hiyo kanuni. Anasema sisi kuvuka bahari kwa ajili ya muziki ni mazoea.

*Ami:* Mwambie Bibi kweli, lakini wao hawakupotezewa begi la makoti. Letu limeshuka mji mwengine, tumepanda jukwaani kwa kanzu na majaketi ya baridi juu.

*Shangazi:* Ee Mola. Na hamjafukuzwa?

*Ami:* Wamedhani ndio mavazi yetu. Wamepiga picha.

*Kaka Wete:* Tuletee video basi.

*Ami:* Intaneti ya hapa imelala. Nitatuma saa 4.

*Shangazi:* Saa 4 yenu au yetu?