Mji mdogo kuomba pesa za Washington kwa uwanja wa maji wa watoto: tuanzie wapi?

kamati_ya_bustani

Wakuu, habari za leo. Naomba msaada kwa mnaofanya kazi kwenye halmashauri za miji hapa Marekani, au mnaoandika maombi ya ruzuku.

Mji una watu kama 14,000, uko Midwest, si kitongoji cha jiji kubwa. Halmashauri inataka kujenga uwanja wa maji wa watoto, ule wa sakafu ya zege yenye mabomba yanayorusha maji, bila bwawa. Pamoja na huo, kukarabati uwanja wa soka ulio jirani, kwenye bustani ya mji kando ya mto. Makadirio ya mhandisi ni dola milioni 1.3. Mji una laki tatu tu.

Meya anasema tumwombe mbunge wetu wa Kongresi. Madiwani wengine wanasema jambo lenyewe si la lazima, barabara zina mashimo, tutachekwa. Je, njia ya mbunge inafaa kwa kitu kama hiki? Kuna njia nyingine? Na watu hukwama wapi?

mwandishi_wa_ruzuku

Inaweza kufaa, na miji mingi hupita hapo, ila ulizeni kwanza ofisi ya mbunge kama fungu la mwaka huo linapokea uwanja wa maji. Njia hiyo, yaani mbunge kuomba pesa ya mradi fulani iandikwe ndani ya bajeti ya shirikisho, ilifungwa mwaka 2011 baada ya kelele nyingi. Mfano ambao kila mtu huutaja ni daraja la Gravina kule Ketchikan, Alaska, lililotengewa zaidi ya dola milioni 200 mwaka 2005 na halikujengwa. Ilifunguliwa tena mwaka 2021, kuanzia bajeti ya mwaka 2022. Kwenye Baraza la Wawakilishi inaitwa Community Project Funding, kwenye Seneti inaitwa Congressionally Directed Spending. Masharti ni mengi kuliko zamani: kampuni ya biashara haipewi, mbunge anatia saini kwamba yeye na familia yake hawana maslahi ya kifedha kwenye mradi, maombi yake yanawekwa wazi mtandaoni, na idadi ya miradi ambayo kila mbunge anaruhusiwa kupeleka ina kikomo (kwa miaka kadhaa imekuwa 15 kwa upande wa Wawakilishi). Kwa hiyo mnashindana na miji yote ya jimbo lenu la uchaguzi kupata nafasi moja kati ya hizo chache.

Wakenya na Watanzania humu wasifikirie CDF au Mfuko wa Jimbo. Mbunge wa Kongresi hana kapu lake. Anapendekeza tu, kamati ya matumizi inaamua, na pesa inakuja kupitia wizara yenye masharti yake.

Jambo la kwanza kabisa ni kujua fungu. Maombi hayapelekwi "Washington", yanapelekwa kwenye fungu maalumu ndani ya muswada maalumu. Bustani na viwanja kwa kawaida huingia kwenye muswada wa Usafiri na Nyumba, fungu la Economic Development Initiative (EDI), linalosimamiwa na HUD, yaani wizara ya nyumba na maendeleo ya miji. Ukipeleka kwenye fungu lisilopokea viwanja, ofisi ya mbunge haitakusahihishia. Itaweka pembeni na kwenda kwa mwingine.

Halafu muda. Mwaka wa bajeti ya shirikisho unaanza 1 Oktoba. Fomu za wabunge hutoka mwishoni mwa baridi au kwenye machipuko na huwa wazi wiki chache tu. Anayeanza kutafuta makadirio siku fomu ilipotoka ameshachelewa. Kati ya Oktoba na Januari muwe na makadirio ya mhandisi yaliyochambuliwa kifungu kwa kifungu (zege, mabomba, umeme, mifereji, dharura), azimio la halmashauri, uthibitisho kwamba ardhi ni ya mji, na barua za kuunga mkono zilizoandikwa na watu tofauti kwa maneno tofauti. Barua kumi zilizonakiliwa kutoka kiolezo kimoja zina uzito wa barua moja. Pelekeni kwa mbunge na kwa maseneta wote wawili, inaruhusiwa. Jina la mradi na kiasi viwe vilevile kote, maana tofauti ya dola elfu mbili inaleta maswali yasiyo ya lazima.

Andaeni pia jibu la swali hili: mkipewa nusu, mtajenga nini? Kupewa pungufu ni kawaida kabisa. Awamu ya kwanza iwe kitu kinachoweza kutumika chenyewe, si msingi unaosubiri awamu ya pili.

Na msiweke pesa hiyo kwenye bajeti ya mji kabla sheria haijasainiwa. Kwa bajeti ya 2024, sheria yenye fungu hili ilisainiwa Machi 2024, miezi mitano baada ya mwaka kuanza. Kwa bajeti ya 2025 ilikuwa mbaya zaidi: Machi 2025 Kongresi ilipitisha mwendelezo wa matumizi ya mwaka mzima badala ya bajeti mpya, na miradi yote ya namna hii ikafutwa. Mji uliokuwa umeshahesabu kwamba pesa inakuja uliambulia sifuri.

ramani_na_mipaka

Niongeze njia nyingine, maana ya mbunge ni bahati nasibu yenye fomu ndefu.

Ya kwanza kwa viwanja vya nje ni LWCF, Mfuko wa Hifadhi ya Ardhi na Maji. Sheria yake ni ya mwaka 1964, pesa zake zinatokana na mafuta na gesi inayochimbwa baharini, na tangu sheria ya mwaka 2020 unapata dola milioni 900 kila mwaka. Sehemu ya fedha hizo hupitia majimbo, kwa hiyo mnaomba idara ya bustani au maliasili ya jimbo lenu. Mfuko unalipa hadi nusu, nusu nyingine ni ya mji. Kwa mradi wa milioni 1.3 mnahitaji 650,000 na mna laki tatu. Ama mpunguze mradi hadi 600,000, ama mtafute mchango mwingine. Kazi za mafundi wa mji na thamani ya ardhi iliyotolewa bure huweza kuhesabiwa kama mchango wa mji, ilimradi jimbo likubali kabla. Pesa nyingine za shirikisho kwa kawaida haziruhusiwi kuwa mchango, isipokuwa CDBG (ruzuku ya maendeleo ya jamii, nitaieleza hapa chini). Kwa hiyo msipange kutumia EDI kama nusu yenu ya LWCF.

Kabla ya kusaini LWCF, someni kifungu cha 6(f). Ardhi iliyoguswa na pesa hiyo inabaki ya burudani ya nje daima. Mkitaka baadaye kuweka kituo cha zimamoto kwenye kona au kukodisha kipande kwa mnara wa simu, lazima mtoe ardhi mbadala yenye thamani ya soko isiyopungua ile na yenye manufaa sawa, na Idara ya Hifadhi za Taifa ikubali. Mpaka kwenye ramani kwa kawaida hufunika bustani nzima, si mita chache za zege lenu. Kama kuna kipande ambacho idara ya maji inakihitaji kwa kisima au pampu, kitolewe kwenye mpaka kabla ya saini. Na ulizeni jimbo kama bustani hiyo ilishawahi kupata LWCF. Viwanja vingi vilipata miaka ya 1970 na ofisini hakuna anayekumbuka. Mpaka ule wa zamani bado unabana.

CDBG ni ruzuku ya HUD. Mji wa chini ya watu 50,000 kwa kawaida unaomba kupitia jimbo. Kwa bustani inayohudumia mtaa, angalau asilimia 51 ya wakazi wa eneo hilo wawe wa kipato cha chini au cha kati. Takwimu za sensa zisipofika, jimbo huweza kukubali utafiti wa nyumba kwa nyumba, lakini kwa utaratibu wake, si karatasi iliyozungushwa kanisani. Na ujenzi wa zaidi ya dola 2,000 unaingia kwenye Davis-Bacon, sheria ya shirikisho inayoweka kima cha chini cha mishahara ya mafundi, jambo linalopandisha bei ya mkandarasi mdogo kuliko watu wanavyodhani.

Wizara ya kilimo ina Community Facilities kwa miji isiyozidi watu 20,000, ila hiyo inalenga huduma muhimu: zahanati, zimamoto, maktaba. Uwanja wa maji msiupeleke huko. Zile pesa za korona za mwaka 2021, ambazo miji mingi ilijengea mabwawa na viwanja, zilitakiwa ziwe zimeshafungwa kwenye mikataba ifikapo 31 Desemba 2024. Mtu asiwadanganye kwamba bado zinaombwa.

mkaguzi_wa_ndani

Mmesema kando ya mto. Hapo ndipo mtakapokaa muda mrefu kuliko mnavyofikiri.

Pesa ya HUD haiguswi kabla ya tathmini ya mazingira kukamilika, na marufuku hayaishii kwenye pesa ya HUD. Msinunue ardhi, msibomoe, msisaini mkataba wa ujenzi, hata kwa pesa ya mji wenyewe, mpaka HUD itoe kibali cha kutumia fedha. Usanifu, upimaji na makadirio yanaruhusiwa. Kosa linalojirudia ni idara ya barabara kupeleka katapila "kusawazisha kidogo" kwa sababu lilikuwa jirani wiki hiyo. Kusawazisha huko kunaweza kupoteza ruzuku nzima.

Eneo likiwa ndani ya mipaka ya mafuriko kuna utaratibu wa hatua nane wenye matangazo mawili: la kwanza siku 15, la mwisho siku 7. Ofisi ya uhifadhi wa mambo ya kale ya jimbo ina siku 30 za kujibu, na makabila asilia yenye historia na eneo hilo nayo lazima yaandikiwe. Mkifika kwenye tamko kwamba mradi hauna athari kubwa, mnatangaza siku 15, kisha mnapeleka ombi HUD na wao wanasubiri siku 15 nyingine za pingamizi. Kwenye karatasi ni miezi mitatu. Kwa mji ambao haujawahi kufanya, hesabuni sita hadi tisa.

Mengine kwa kifupi. Usajili wa SAM.gov, mfumo wa shirikisho wa kusajili wanaopokea pesa zake, ufanyike mapema, na jina la mji lifanane herufi kwa herufi na la mamlaka ya kodi. Sheria ya Build America, Buy America, inayotaka bidhaa zitengenezwe Marekani, inagusa chuma, vifaa vya ujenzi na bidhaa za kiwandani. Pampu na mabomba ya kurusha maji mengi yana sehemu za nje, kwa hiyo barua ya mtengenezaji iwe sharti ndani ya zabuni, isije ikatafutwa baada ya mzigo kufika. Malipo mara nyingi mji unatoa kwanza ndipo unarudishiwa, na mji wenye laki tatu benki unaweza kukwama kwenye ankara ya pili ya mkandarasi. Mkitumia dola milioni moja au zaidi za shirikisho ndani ya mwaka mmoja wa fedha, mnaingia kwenye ukaguzi maalumu wa hesabu (kiwango kilikuwa 750,000 kabla ya kubadilishwa), na gharama yake iwekwe kwenye bajeti.

fundi_wa_pampu

Wote mmeongelea kupata pesa. Ruzuku hizi hazilipi maji wala umeme wala mshahara wa kijana wa kupima klorini.

Kuna mifumo miwili. Wa kwanza maji ya bomba yanaruka mara moja na kwenda zake kwenye mfereji. Ni rahisi kujenga, ila piga hesabu: mabomba yakitoa jumla ya galoni 100 kwa dakika kwa saa sita, ni galoni 36,000 kwa siku, zaidi ya milioni tatu kwa siku 90. Kitufe cha kuwashia kinachozima chenyewe baada ya dakika chache kinashusha sana. Ulizeni pia maji hayo yanaishia wapi; maji yenye klorini kumwagwa moja kwa moja mtoni kunahitaji kibali.

Wa pili unazungusha maji: tangi chini ya ardhi, pampu, chujio, klorini, na taa ya UV ya kuua vijidudu. UV si anasa. Kijidudu cha Cryptosporidium huishi zaidi ya siku saba kwenye maji yenye klorini ya kawaida, na uwanja wa maji ni mahali pa watoto wenye nepi. Idara ya afya itataka vipimo kila siku na daftari. Mji usiokuwa na mtu wa kazi hiyo Jumamosi na Jumapili uchague mfumo wa kwanza.

Kabati la umeme na pampu vikae juu ya kimo cha mafuriko. Vali ya kuzuia maji kurudi nyuma isikosekane, na kabla ya baridi mabomba yapulizwe kwa kompresa. Mwaka mmoja wa kusahau kupuliza utawapa sakafu ya kupasua upya.

kamati_ya_bustani

Asanteni sana wakuu, mmetufungua macho. Mawili tu. Yule mhandisi wa makadirio alichukuliwa bila zabuni. Gharama yake itahesabika? Na wale wanaosema pesa iende kwenye barabara tuwajibu nini?

mwandishi_wa_ruzuku

Mlipeni kwa pesa ya mji na msimweke kwenye ruzuku. Kwa michoro kamili tangazeni upya, na kama ndiye aliyeandika vigezo vya zabuni ya ujenzi, kampuni yake isiruhusiwe kushindania ujenzi huo.

La barabara lijibiwe wazi kwenye kikao: pesa hii haihamishwi. Mgao wa mbunge unaandikwa kwenye jedwali la bajeti ukiwa na jina la mpokeaji, jina la mradi na kiasi, na wizara inafuata maneno hayo. Barabara ina mafungu yake na iombewe huko. Msiseme uwanja ni wa lazima wakati si wa lazima. Semeni unahudumia watoto wangapi, uko umbali gani na nyumba za kupanga, na nani atalipa maji.

Kwa sababu hiyohiyo angalieni jina mnaloandika kwenye fomu. Mkiandika uwanja wa maji peke yake, kisha bei zikapanda mkataka kufanya soka tu, mtahitaji marekebisho ya Kongresi yenyewe, na hayo huweza kusubiri hadi muswada wa mwaka unaofuata. Andikeni ukarabati wa bustani fulani, mpokeaji awe mji, si kaunti wala klabu ya soka, na viwanja vyote viwili mvieleze kwenye maelezo ya ndani.