Tarehe 6 Agosti hapa Kusini: tuwaelezeje watu kwamba silaha za nyuklia zinawahusu?

Mwalimu_Chuno ameuliza:

Wana jukwaa, salaam. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mtwara mjini na mlezi wa klabu ya amani ya wanafunzi. Kila tarehe 6 Agosti, siku ambayo mji wa Hiroshima ulipigwa bomu la atomiki mwaka 1945, tumekuwa tukisomeana insha darasani na kutawanyika. Mwaka huu wanafunzi wamesema hilo halitoshi, wanataka jambo la hadharani, nami nimekubaliana nao kwa moyo wangu wote.

Binti mmoja wa kidato cha tatu alipasua gunia la korosho, akalitandaza sakafuni na kuandika kwa mkaa: "Watu wapatao 140,000", yaani waliokufa Hiroshima kabla mwaka ule haujaisha. Alipomaliza aliinua kichwa akaniuliza kwa nini tuseme "wapatao", na kwa nini hawakuhesabiwa wote. Nilimjibu kwamba wengi wa wale ambao wangewahesabu waliungua pamoja nao, na daftari zao pia. Darasa zima lilinyamaza.

Jumamosi tulilibeba gunia lile hadi jirani na soko ili kuona watu watalipokeaje. Mama mmoja mbanguaji korosho alilisoma hadi mwisho, akasikitika kwa dhati, kisha akaniuliza: "Mwanangu, hilo bomu la Japani lina nini na sisi, na salfa ya kupulizia mikorosho yenyewe hatujaipata?" Hakuwa anatukejeli. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, na mimi sikuwa na jibu lenye uzito.

Naomba ushauri wenu: mama huyu nimjibu nini, na tukitoka hadharani tumwombe nani afanye nini? Sitaki watoto hawa wapige kelele isiyo na anwani.

Nahodha_Msimbati amejibu:

Mwalimu, mwanangu, salaam zako zimefika. Mimi nimevua bahari hii zaidi ya miaka thelathini, na ushauri wangu ni kwamba mama huyo umwanzie na samaki kabla ya kumpeleka Hiroshima.

Tarehe 1 Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, kule Visiwa vya Marshall. Bomu hilo lilikuwa na nguvu ya megatani 15, yaani takribani mara elfu moja ya lile la Hiroshima. Mashua ya Wajapani, Daigo Fukuryu Maru, yenye wavuvi 23, ilikuwa ikivua jodari nje ya eneo lililokuwa limetangazwa kuwa la hatari. Saa chache baadaye wakaanza kunyeshewa na unga mweupe, ambao ulikuwa matumbawe ya Bikini yaliyosagwa na mlipuko na kubeba sumu ya mionzi. Uliwaingia machoni na kwenye nywele, nao wakaendelea kukusanya kamba zao kwa mikono mitupu, kwani mvuvi haachi zana baharini. Wote waliugua. Aikichi Kuboyama, aliyekuwa mtu wa redio wa mashua hiyo, alifariki tarehe 23 Septemba mwaka huo huo. Jodari wenye mionzi walifukiwa ardhini, na watu wakaogopa kununua samaki wa aina yoyote.

Sasa sikiliza nani walioinuka. Wauza samaki waliokuwa wanakosa wateja, pamoja na akina mama wa nyumbani wa Suginami, mtaa wa Tokyo, walianza kupita mlango kwa mlango na karatasi za kukusanya sahihi za kupinga mabomu hayo. Jambo hilo lilienea nchi nzima, na kufikia mwaka 1955 sahihi zilikuwa zimepita milioni 30. Agosti ya mwaka huo ukafanyika Hiroshima mkutano wa kwanza wa dunia wa kupinga mabomu ya atomiki na haidrojeni.

Watu wa pwani yetu hawahitaji kuelezwa maana ya bomu ndani ya maji. Siku moja nilizamia mahali palipopigwa baruti asubuhi yake. Juu walikuwa wameelea samaki wachache ambao jamaa walishawaokota, lakini chini walikuwa wamelala wengi zaidi, macho yamewatoka, na matumbawe ambayo babu yangu aliyakuta yamegeuka kokoto. Ile ni chupa moja iliyorushwa na mtu mmoja. Miaka ya 1990 vijiji vya pwani ya Mtwara na Lindi viliungana kupinga baruti, na hatukusubiri mtu wa mbali aje kutuanzishia. Mwambie mama wa korosho kwamba Bikini ni baruti ile ile, ila mrushaji wake ni serikali.

Newala_Mkulima amejibu:

Mwalimu, ninaheshimu nia yako, ila nitasema ninavyoona. Tanzania haina silaha hizo, na Afrika yote ilikwisha kuzikataa kwa Mkataba wa Pelindaba uliosainiwa Cairo mwaka 1996. Wenye silaha ni nchi tisa, nazo hazitasikia sauti ya wanafunzi wa Mtwara. Je, muda wa watoto hawa haungefaa zaidi kwenye mambo ya hapa, kama hiyo salfa na maji?

Mitwero_Lindi amejibu:

Ndugu wa Newala, hoja ya salfa ni ya haki na isipuuzwe, lakini huo Mkataba wa Pelindaba haukushuka kama mvua. Ufaransa ilipotangaza kulipua bomu lake la kwanza katika jangwa la Sahara, Desemba 1959 kundi la Waghana pamoja na wenzao wa Uingereza na Marekani lilifunga safari kutoka Accra kwa magari, likiwa na azma ya kwenda kukaa pale pale penye jaribio. Walizuiwa baada ya kuvuka mpaka wa Upper Volta, ambayo leo ni Burkina Faso, na bomu likalipuliwa Reggane, Algeria, tarehe 13 Februari 1960. Hawakulizuia. Lakini Ghana ilizuia mali za Wafaransa, Nigeria ikavunja uhusiano wa kibalozi na Ufaransa Januari 1961, na wazo la Afrika isiyo na silaha hizo halikuzimika tena. Mmoja wa waliokuwamo kwenye safari ile, Mmarekani mweusi Bill Sutherland, alikuja baadaye kuishi Dar es Salaam kwa miaka mingi. Tena, sehemu kubwa ya madini ya urani ya bomu la Hiroshima ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, kule Kongo, na leo urani ipo Namtumbo, kwa jirani zetu wa Ruvuma. Mwenye madini hayo ardhini ana haki ya kuuliza yatakwenda kufanya kazi gani.

Mwalimu, kuhusu anwani ya ombi lenu: Umoja wa Mataifa ulipitisha Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia tarehe 7 Julai 2017 kwa kura 122, ukaanza kutumika tarehe 22 Januari 2021. Tanzania iliusaini Septemba 2019. Kusaini ni hatua moja na kuridhia ni nyingine, na kwa Ibara ya 63 ya Katiba yetu kuridhia mikataba ya namna hiyo ni kazi ya Bunge. Kwa hiyo mtu wenu ni mbunge, naye anafikika: mwandikieni mkimuuliza mkataba umefikia wapi na yeye binafsi amefanya nini juu yake.

Kuhusu kutoka hadharani, ningewasihi msiandamane. Sheria inataka polisi wapewe taarifa ya maandishi si chini ya saa 48 kabla, na hilo linawezekana, ila tangu mzozo wa bomba la gesi wa mwaka 2013 neno maandamano linawatia hofu wazazi wengi wa Mtwara, na wana sababu. Tarehe 6 Agosti inaangukia ndani ya wiki ya Nane Nane, na watu wa mikoa yote miwili huwa wamejaa viwanja vya Ngongo, hapa Lindi. Ombeni nafasi ya meza moja, mkae na daftari la sahihi. Idhini ya wazazi iwe ya maandishi.

Mwalimu_Chuno amejibu:

Shikamoo Nahodha, na ninawashukuru wote, pamoja na wewe ndugu wa Newala, kwani swali lako ndilo tutakaloulizwa mara nyingi zaidi pale mezani. Leo niliwasomea wanafunzi habari za mashua ile. Wameamua gunia la pili liwe la wavuvi 23, na barua kwa mbunge wameanza kuiandika wenyewe. Nimewarekebishia tahajia tu. Maandamano tumeyaacha, na barua ya kuomba meza Ngongo nitaipeleka kesho kwa mkuu wangu wa shule.

Mama wa korosho nilimfuata jioni nikamsimulia habari za Suginami. Aliuliza kama wale wauza samaki walipata wateja tena. Nikamwambia ndiyo, baadaye. Akaomba daftari, akaandika jina lake mstari wa kwanza, kisha akanitaka niandike chini yake, kwa mwandiko wangu, kwamba salfa nayo haijafika. Nimeandika.