Re: Maembe yanaozea Magarini, tuyafikisheje huku Ulaya?

Ndugu zangu, habari za baridi.

Juzi shangazi alitua uwanja wa ndege wa Schiphol, Amsterdam, na ngowe 12, maembe ya shambani kwa mama, Magarini, pwani ya Kenya. Hakutoka na hata moja; zilitiwa pipani mbele ya macho yake. Na huko nyumbani mama ananiambia chini ya miembe hapapitiki, matunda yanachachuka, dalali anampa shilingi tatu kwa embe. Nimeumia sana. Tukiyakausha, yatapita? Nani ameshajaribu?

Dada yenu, Rotterdam

*

Dada, pole, na shangazi mpe pole zangu.

Tangu tarehe 14 Desemba 2019 Umoja wa Ulaya unadai cheti cha afya ya mimea kwa karibu kila tunda bichi, hata lililo kwenye begi la msafiri. Yaliyosamehewa ni nanasi, nazi, ndizi, tende na duriani. Embe linaogopewa kwa ajili ya yule nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003: funza wake hujificha ndani ya nyama, ganda likionekana zima. Kenya yenyewe ilisimamisha kuuza maembe Ulaya mwaka 2014, ikarudi 2021. Embe kavu halidaiwi cheti hicho, kwa hiyo linapita.

Ila nikueleze yaliyotupata. Mimi na binamu zangu tulianza na kina mama sita karibu na Marafa, hukohuko Magarini, na kikaushio kimoja cha jua. Vipande vilikauka vizuri: ukikunja kimoja hakivunjiki, ukikibinya hakiachi maji kidoleni. Lakini vijana walikuwa na haraka, wakavifunga vingali vya moto, na mifuko ikatoa jasho kwa ndani. Nilipofungua katoni ya kwanza hapa jikoni kwangu nilipigwa na harufu ya pombe, na kwenye kingo za vipande ukungu mweupe. Kilo 20, nikatupa zote. Kilo 20 hizo ni zaidi ya kilo 200 za embe bichi, tulizokopa kwa wale kina mama. Niliwalipa wiki ileile, maana wao hawakukosea lolote.

Sasa vipande vinapozwa kwanza kivulini, juu ya wavu, na vinafungwa kabla ya magharibi. Unyevu wa pwani ukivikuta wazi usiku, asubuhi vimelainika tena. Salfa tumeiacha. Inatunza rangi, kweli, lakini ikifika zaidi ya miligramu 10 kwa kilo lazima iandikwe kwenye lebo, na wateja wangu hawajawahi kulalamikia embe la kahawia.

Jambo ninalokuomba ulishike ni bei. Usinunue kwa kuhesabu maembe kama dalali. Nunua kwa kilo, mizani ikiwa mbele ya mkulima, na bei mkubaliane kabla halijachumwa hata moja. Chukua na yale yenye madoa ya ganda ambayo dalali huyakataa. Ganda linamenywa, nyama ni ileile. Hapo ndipo kina mama wa Marafa walipoanza kuona tofauti, kwa sababu matunda hayo zamani walikuwa wanawapa mbuzi. Yaliyoanguka na kupasuka usiyachukue hata ukipewa bure.

Na wewe unayepokea mzigo, jisajili kwa watu wa usalama wa chakula wa huko uliko kabla ya katoni ya kwanza.

Kaka yako, Hamburg

*

Kaka, Mungu akubariki. Nimempigia mama usiku huuhuu. Mizani aliyopimia baba korosho bado iko stoo, anasema ina kutu kidogo tu. Nitakwenda Desemba. Kikaushio chenu kinachukua kilo ngapi?

*

Kilo 60 za embe bichi kwa mara moja. Pita Marafa ukione kikifanya kazi kabla hujanunua chako. Na hiyo mizani mpelekee fundi aisawazishe kwanza.