Msaada: seva kuu ikizima DNS ihamie ya akiba yenyewe, nsupdate inatosha?

fundi_kkoo:
Wakuu habari za mchana, msaada kidogo kwa mnaocheza na seva. Nina mfumo wa stoo na mauzo wa mteja hapa Kariakoo, seva kuu iko Dar, ya akiba iko Nairobi, databesi ya Postgres inajinakili kwenda Nairobi muda wote, hapo fresh. Ishu ni umeme au laini ikikata Dar, mpaka niamke niingie nibadilishe rekodi ya A (ile ya DNS inayosema jina liko kwenye IP gani) kwa mkono, mwenye duka kashanipigia mpaka simu imeisha chaji. BIND (programu ya seva ya DNS) naendesha mwenyewe, ile kuu imekaa hapo hapo kwenye seva ya Dar, ns2, ya pili inayoinakili, iko Nairobi. Nasikia nsupdate, amri ya kubadilisha rekodi za DNS, inafanya hii kazi kwa skripti, je hiyo na cron (ya kuendesha skripti kwa ratiba) inatosha? Huduma za kulipia kila mwezi mteja hataki kusikia.

babu_kernel:
Kazi inaiweza mkuu. Kwenye Debian na Ubuntu iko ndani ya paketi ya bind9-dnsutils. Tengeneza ufunguo kwa `tsig-keygen failover-key`, ubandike kwenye named.conf, halafu kwenye zoni (fungu la rekodi zote za jina lako) uupe ruhusa ya jina moja tu, maana ukiachia zoni nzima siku ufunguo ukivuja mtu anakufutia hata MX, rekodi ya barua pepe:

`update-policy { grant failover-key name www.example.com. A; };`

Skripti ikiona Dar kimya inaipa nsupdate hivi (IP weka zako):

```
zone example.com
prereq yxrrset www.example.com. A 192.0.2.10
update delete www.example.com. A
update add www.example.com. 60 A 203.0.113.20
send
```

Mstari wa prereq wengi wanauruka na ndo mtamu kuliko yote, unasema badilisha ikiwa tu rekodi ya sasa ni ile ya Dar, kwahiyo skripti ikijirudia haigusi kitu, inajibiwa NXRRSET basi. Serial (namba ya toleo la zoni) BIND inapandisha yenyewe. Ila faili la zoni usiliguse tena na nano kienyeji, mabadiliko yanakaa kwanza kwenye faili la .jnl, so ni `rndc freeze`, unahariri, `rndc thaw`.

binti_pakti:
Subirini kwanza jamani. Mleta mada kasema BIND kuu iko kwenye seva ya Dar, sasa Dar ikizima hiyo nsupdate itaandika wapi? ns2 inanakili tu, itaendelea kuwapa watu IP ya marehemu kwa adabu zote. Kodi VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ndogo sehemu ya tatu, BIND kuu ihamie huko bila kuitaja kwenye rekodi za NS (orodha ya seva za DNS za jina lako), Dar na Nairobi zivute zoni kutoka kwake. Skripti nayo ikae huko.

Na usiamini jicho moja. Mei 2024 nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, ukiwa na mkaguzi (skripti inayopima kama Dar iko hai) aliyekaa nje ya nchi angeweza kuona Dar imekufa wakati mteja wa Kariakoo na seva wako mji mmoja. Tafuta shahidi wa pili Dar, laini ya kampuni nyingine. Wote wawili wakisema imekufa, hama. Shahidi wa Dar asipofikika kabisa, skripti isifanye kitu, ikutumie meseji uamue mwenyewe.

fundi_kkoo:
Duh hapo kwenye BIND umenishika. Kucheki natumia ping? Na umeme ukirudi irudi Dar yenyewe pia au?

babu_kernel:
Ping achana nayo, mashine inajibu ping huku Postgres imelala. Weka ukurasa mdogo unaouliza databesi swali moja, uucheki na `curl -fsS --max-time 5`, ikifeli mara tatu nne mfululizo ndo uhame, la sivyo laini ikicheza kidogo utakuwa unahama na kurudi usiku kucha.

Kurudi, HAPANA, kwa mkono. Na kabla ya kugusa DNS skripti ipandishe kwanza Postgres ya Nairobi, `pg_ctl promote`, vinginevyo watu wanafika kwenye databesi ya kusoma tu. Ikishapanda mauzo mapya yako Nairobi peke yake, sasa Dar ikiwaka na kuanza kupokea tena utakuwa na databesi mbili kila moja na risiti zake, kuziunganisha hizo ni kazi ya kulia. Kwahiyo Dar huduma isijiwashe pamoja na mashine, `systemctl disable`, mpaka umeifanya inakili upya kutoka Nairobi.

mshale254:
Niongezee tu hapo kwa TTL (ile 60 kwenye skripti), yaani sekunde ambazo resolva, seva zinazowatafutia watu majina, zinakumbuka jibu. Ishushe iwe 60 mapema, si siku ya msiba, kama sasa ni 86400 kuna resolva zitabaki na IP ya zamani hadi siku nzima. Na hata hiyo 60 si wote wataiheshimu, Unbound (programu ya resolva) kwa mfano ina cache-min-ttl, mwenye resolva akiipandisha 60 yako haina maana kwake. Piga `dig @8.8.8.8 www.example.com` uone namba ikishuka.

fundi_kkoo:
Asanteni sana wakuu. VPS naitafuta leo, jaribio nafanya Jumapili duka likiwa limefungwa.

binti_pakti:
Fanya jaribio mara mbili basi, moja zima mashine yote, nyingine simamisha Postgres tu uiache mashine inawaka. Hiyo ya pili ndo skripti nyingi zinapitwa.