Hidrati za methani: tuzichimbe au tuziache chini ya bahari?

Bahari Kuu: Wakuu, naleta hoja. Chini ya bahari kuna gesi asilia, yaani methani, iliyofungwa ndani ya maji yaliyoganda; ndiyo hidrati, ile barafu inayowaka. Mita 1 ya ujazo ikiyeyuka inatoa gesi mita za ujazo kama 160. Japani waliitoa 2013 kwa siku 60, wakakwamishwa na mchanga tu. Kwa nini tuendelee kuchoma makaa ya mawe?

Fundi Visima: "Mchanga tu"? Neno hilo limeniuma, maana visima ndiyo kazi yangu. Kwanza zilikuwa siku 6. Pili, hidrati yenyewe ndiyo saruji inayozishika chembe za mchanga. Ukivuta maji ili shinikizo lishuke, hidrati inaachia gesi, na chembe zinakosa cha kuzishika. Zinamiminika kisimani. Ukiweka chujio laini mno, gesi nayo haipiti.

Upepo wa Kusi: Swali lilikuwa tuchimbe au la. Methani ikivuja hewani inanasa joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksidi, ukihesabu miaka 20. Anayeitaka hiyo hana watoto?

Bahari Kuu: Wanangu waache kabisa! Fundi, siku nilichanganya, nakubali: 60 ni China, eneo la Shenhu katika Bahari ya China Kusini, 2017. Ila 2020 walirudi wakapata zaidi ya mita za ujazo 860,000 kwa siku 30. Kwa hiyo mchanga unashindika.

Fundi Visima: Nani kasema haushindiki? Japani nao walirudi 2017. Kisima cha kwanza kikaingia mchanga tena, cha pili kikaenda siku 24 bila mchanga. Lakini kisima cha biashara kinatakiwa kitoe gesi miaka, ndugu yangu. Siku 30 ni jaribio.

Msomaji Mkimya: Upepo, si kila kiputo kinafika juu. Kwenye kina kirefu methani nyingi huyeyuka majini, bakteria wakaila. Mimi naogopa mteremko wa sakafu ya bahari kulegea ukaporomoka.

Upepo wa Kusi: Na hao bakteria wanatumia oksijeni ya maji, wanaacha kaboni dioksidi. Hilo umeliruka. Halafu gesi ikichomwa bado ni kaboni, hata kama ni nusu ya makaa.

Bahari Kuu: Nusu si kidogo! Na neno la watoto hujalifuta, bado nasubiri. Fundi, hicho kisima cha pili cha 2017 mchanga ulizuiwa vipi?